Samaki wa Espoir

Jirani yangu hapa Kibondo, mwalimu mmoja anayeishi peke yake, ana tabia inayonikera. Kila Jumamosi ikikaribia saa nne anabandika mgebuka wa moshi, yule samaki wa Ziwa Tanganyika, na viazi. Hana ubaya na mtu, masikini ya Mungu, na wala hajui ananifanya nini. Lakini harufu ile inaruka ua, inaingia dirishani kwangu bila hodi, na mimi naacha lolote ninalofanya. Mara ya mwisho nilikuwa namsuka binti yangu. Mikono ikaganda kichwani mwake mpaka akaniuliza, "Mama, umesahau kusuka?" Nikamwambia nimeona chawa. Chawa gani? Nilikuwa nimerudi Kasulu, nipo darasa la tatu, nimesimama mlangoni mwa jiko letu la nje, na juu ya mafiga kuna samaki ananitazama.

Nyie wa rika langu mliokulia milima ile mnaikumbuka chai ya saa nne. Siku za shule ilikuwa kikombe cha uji na kipande cha muhogo, ukibahatika. Kwetu Jumamosi ilikuwa habari nyingine. Tuliishi nyumba za watumishi, kijiji kimoja karibu na kambi ya Nyarugusu. Mama alikuwa nesi aliyehamishiwa huko kutoka Iringa, na baba alikuwa bwana shamba, mtu wa pikipiki na vumbi, ambaye Jumamosi nyingi zilimkuta Nyakitonto au Rungwe Mpya akihangaika na mahindi ya watu. Kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi na mama, mpaka saa mbili na nusu, saa tatu hivi, tuliposikia sauti ya Mama Espoir getini.

Mama Espoir alikuwa Mkongo, mkimbizi wa kambini. Mwanawe wa kike, Riziki, aliwahi kulazwa kwa malaria kali, na mama ndiye aliyekesha naye. Mtoto alipopona, mwanamke yule alikuja kutushukuru na migebuka miwili ya moshi iliyofungwa kwenye gazeti. Mama akacheka, akasema yeye ni mtu wa Iringa, viazi anavijua, lakini samaki mkavu kama kuni ataanzia wapi? Mama Espoir akavua kandambili, akajifunga kitenge vizuri, akaingia jikoni. Tangu siku hiyo kila alipopata kibali cha kutoka kambini Jumamosi alikuja, na Riziki nyuma yake.

Mimi nilimwamkia shikamoo na yeye akajibu "jambo, mama kidogo," maana marahaba haikumkaa mdomoni. Viazi mviringo aliviita pomdetere. Alivichemsha na maganda yake, akavimenya vikiwa bado vinaunguza, akipuliza vidole na kulalamika peke yake. Mgebuka alimlowesha kwenye maji ya moto mpaka nyama ikalegea, akatoa miiba mikubwa mmoja mmoja. Mawese yakishachemka na kupoteza ile rangi nyekundu kali alitia vitunguu, nyanya chungu mbili tatu, pilipili nzima isiyopasuliwa, kisha viazi. Samaki alikuja mwisho, akalazwa juu, na kuanzia hapo ilikuwa marufuku mtu kutia mwiko.

"Ukikoroga unamuvunja," alisema. "Samaki alishateseka na moshi, umuache apumuzike."

Alikuwa akitikisa sufuria tu, kulia na kushoto, kwa kitambaa. Viazi vya chini vilishika moto na kufanya ukoko, na ukoko ule ndio mimi na Riziki tuliupigania. Tulikula kwenye sinia moja, tumekaa kwenye mkeka mlangoni mwa jiko, na chai ya maziwa pembeni. Mama, ambaye wiki nzima alinuka dawa, siku hiyo alinuka mawese na kucheka ovyo. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile, na ninawaambia hivyo nikijua kwamba sasa hata kipande kimoja hakinipiti kooni.

Jiko lile lilikuwa la kuni. Siku za kawaida tulipikia mkaa barazani, na jiko la nje liliwashwa Jumamosi, au siku ya maharage. Juu ya mafiga kulikuwa na uchaga wa fito uliokuwa mweusi tii kwa masizi. Jumamosi moja Mama Espoir alikuja na mgebuka ambaye hakumtia kwenye sufuria. Alikuwa mrefu kama mkono wangu, mdomo wazi, amefungwa shingoni kwa uzi mwekundu. Alipanda kigoda akamning'iniza kwenye uchaga.

Mimi, mlafi, nikauliza tutamla lini.

"Huyu si wa kula. Huyu ni wa Espoir."

Espoir alikuwa mwanawe wa kwanza. Walipokimbia kwao, ng'ambo ya ziwa, watu walitawanyika usiku na kijana hakuonekana tena. Alikuwa na miaka kumi na saba. Mama Espoir alieleza akimwangalia mama, si mimi, kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia. Kwao, ukoo wao ulikuwa wa wavuvi, na mtu akipotea majini au safarini, mama yake alimbanika samaki kwa jina lake na kumtundika juu ya moto. Kila wiki alimgeuza na kumpa moshi mpya. Samaki akipita mvua zote bila kuoza, basi aliyepotea yuko hai mahali fulani, na hakuna ruhusa ya kumlilia. Akiingia funza, watu wanakaa chini, wanaweka matanga, na maisha yanaendelea.

"Bibi yangu alifanya, mama yangu alifanya," alisema. "Huyu akiwa muzima huku, na Espoir iko anapumua kule."

Mama akamuuliza kwa nini asimtundike kambini. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Kambini, Mama Nesi? Na ile njaa? Samaki hawezi kumaliza siku mbili, na Espoir wangu atakufa tumboni mwa watu!"

Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesikia jambo zito na nimelielewa kwa akili yangu ya darasa la tatu, yaani nimelielewa kinyume. Mtu mzima angeelewa kwamba samaki ni dalili tu. Mimi nilielewa kwamba samaki ndiye anayempa Espoir pumzi. Kwamba kuna kijana mahali fulani porini Kongo, na uhai wake wote umening'inizwa kwa uzi mwekundu jikoni kwetu, juu ya sufuria ya maharage.

Na kwa kuwa Mama Espoir aliweza kuja Jumamosi tu, ilihitajika mtu wa kumfukiza samaki Jumatano. Akaniangalia. "Mama kidogo, utaweza?" Mama akajibu kwa niaba yangu kwamba nitaweza, mkubwa huyu. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kuwasha vipande vya mti wa mpera, kuvizima nusu ili vitoe moshi, kukaa hapo mpaka moshi umshike samaki vizuri, basi. Mtoto wa miaka sita angeiweza.

Jumatano za kwanza niliifanya kwa kiburi. Nilimwamkia samaki. Nilimwambia habari za shule, nikijua Espoir anasikia huko aliko. Lakini siku moja, moshi ulipotulia, nikaona amegeuka. Nilipoingia alikuwa ametazama ukutani, na sasa ametazama mlangoni, mdomo wazi, anataka kusema. Leo najua uzi unajisokota na kujisokotoa. Siku ile nilitoka mbio mpaka nikaangusha ndoo. Kuanzia hapo jiko lile likawa na mtu ndani. Mchana kweupe, kuku wanaparua uani, jua linawaka, nami siwezi kuchungulia mlango ule bila kuhisi kuna aliyenyamaza ghafla kwa sababu nimekuja.

Nikaanza kuficha. Jumatano ikifika nawasha kijiti kimoja, nakirusha ndani, nakimbia. Kisha hata kijiti nikaacha. Mama akirudi kazini ananiuliza, "Umemfukiza samaki wa watu?" Namjibu, "Nimemfukiza." Naenda zangu kucheza rede.

Masika ile ilikuwa ya kunyesha asubuhi na jioni. Kuni zililowa, jiko la nje likakaa bila moto, chumvi ikayeyuka kwenye kopo, nguo zilinuka uvundo. Na katikati ya mvua hizo vibali vya kutoka kambini vikasimamishwa, sijui kwa sababu gani. Ilitokea mara kwa mara. Jumamosi ya kwanza Mama Espoir hakuja. Ya pili hakuja. Alimtuma mtu kwa mama: wamwambie mama kidogo asimsahau Espoir. Mama aliniambia, nikaitikia ndiyo mama, na sikuingia jikoni.

Wiki ya tatu habari zikaja kwamba vibali vimefunguliwa na Jumamosi atakuwepo. Ijumaa, nilipotoka shule, mama akiwa bado kazini, nilijikaza nikaingia. Harufu ilinipokea mlangoni. Nilipanda kigoda nikiwa nimefumba jicho moja. Tumbo la samaki lilikuwa limelainika, na ndani yake kulikuwa na kitu kinachotembea. Funza. Mmoja alidondoka kwenye mkono wangu.

Jamani, msinicheke. Nilikaa chini pale pale kwenye majivu nikalia, na sikulilia viboko. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeua mtu. Kijana wa watu alikuwa amevuka vita, amevuka pori, amefika sijui wapi akihema, halafu mimi nimemwacha afe kwa sababu ya rede. Nilimuona kabisa, amelala chini ya mti, mdomo wazi.

Hapo ndipo nilipopata ile akili niliyojisifia kwa siku chache na kuijutia maisha yote. Ndani ya nyumba, kwenye kapu la mama, kulikuwa na migebuka mitatu ya moshi aliyonunua kwa ajili ya chakula cha Jumamosi. Nilichagua aliyelingana urefu na yule. Nikamkata kipande cha pezi la kushoto, maana wa Espoir alikuwa hana. Nikafungua uzi mwekundu, nikamfunga mpya, nikampaka masizi mgongoni mpaka akafanana na kaka yake. Kisha niliwasha mpera kwelikweli, nikamfukiza mpaka macho yangu yakavimba, na safari hii sikukimbia. Nilimwambia, "Espoir, amka. Pumua. Pumua tafadhali." Yule aliyeoza nilimzika kwenye matuta ya viazi nyuma ya choo.

Moyo wangu ulitulia kabisa. Sikuona nimemdanganya mtu. Niliona nimemfufua.

Jioni mama alihesabu samaki wake, akakuta wawili. Nikasema ni paka. Paka masikini alikula fimbo ya bure na siku mbili hakuonekana uani.

Jumamosi Mama Espoir alikuja mapema kuliko kawaida, na hakuwa peke yake na Riziki. Alikuja na mdogo wake, mama mdogo wa Riziki, mwanamke mkimya aliyevaa viatu vya kufunika katikati ya tope. Mama Espoir hakuingia jikoni. Alikaa barazani, akaweka mikono magotini.

"Mama Nesi, dosye imepita," alisema.

Mama alipiga kelele ya furaha, akamkumbatia. Hata sisi watoto tulijua dosye ni nini. Ni yale makaratasi ya kwenda kuishi nchi za mbali, ambayo watu kambini waliyangoja mpaka mvi zikawatoka. Yao ilikuwa ya watu watatu, yeye, Riziki na mdogo wake, kwenda Kanada. Zilibaki wiki tatu waondoke.

Lakini Mama Espoir hakufurahi. Alisema, "Espoir hayumo. Nikipanda ndege, akikuja kunitafuta, atamukuta nani?"

Mdogo wake akasema bila kuinua kichwa, "Dada, miaka sita. Miaka sita, dada."

"Najua miaka." Akamgeukia mama. "Nimewaza siku zote hizi mvua inanyesha. Nimesema, sitaamua mimi, nitaacha samaki aamue. Na mvua hii, na mimi sikuwepo kumugeuza. Nikimukuta ameoza, basi, nitamulilia mutoto wangu leo, nitafunga mizigo, naenda na Riziki. Nikimukuta muzima, siwezi. Mama gani anaacha mutoto anapumua?"

Mama alijaribu. Nakumbuka alimshika mkono, akamwambia, "Mwenzangu, samaki ni samaki tu. Fikiria na huyu uliye naye." Lakini yeye alikuwa ameshasimama.

Sisi wote tulimfuata. Mimi nilikuwa mbele. Nawaambieni ukweli wangu: nilikuwa na furaha kama mtoto aliyefaulu mtihani anayesubiri jina lake lisomwe. Alipanda kigoda. Alimshika samaki, akamgeuza, akamminya tumbo kwa kidole gumba. Akamnusa kichwani, akamnusa mkiani. Akaninong'oneza mimi, si mtu mwingine, "Mama kidogo, ulimulinda."

Kisha akashuka akaanza kucheza. Alicheza pale jikoni, mikono juu, machozi yanamtoka, akimwita Mungu kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwao. Mdogo wake alitoka nje akasimama kwenye mvua. Riziki alikuwa ameegemea mlango, na nilipomtazama nikaona uso wake hauna furaha hata kidogo. Nilishangaa. Nilidhani ni wivu tu, kwa kuwa leo anasifiwa mwingine.

Ile chai ya saa nne haikuwahi kuwa na mfano. Alipika migebuka miwili yote iliyobaki, viazi sufuria mbili, mayai ya kuchemsha, akamwita hata mlinzi wa kituo cha afya aje ale. Ukoko wote akanipa mimi. Nilikula mpaka nikashindwa kuinuka.

Sasa niseme na hili, maana la kuvunda halina ubani. Nilipata nafasi ya kusema. Siku chache kabla ya safari Riziki alikuja peke yake, amelowa, sijui alipitaje getini kambini. Alinikuta nyuma ya nyumba. Makaratasi yalikuwa yameshasainiwa upya: ataondoka na mama mdogo, mama yake atabaki. Alinishika bega, kucha zikaniingia.

"We ndiye unamufukizaga," alisema. "Niambie kweli. Ule samaki ni muzima kweli?"

Wakati huo nilishaanza kuelewa. Sikuelewa yote, lakini nilielewa kwamba kuna mtu analia, na kwamba kulia kwake kunatoka kwangu. Tulikuwa tumesimama hatua tatu kutoka kwenye tuta lenye yule samaki mwingine. Ningeinama, ningefukua, ningemaliza neno. Lakini nilifikiria fimbo ya mama. Nilifikiria Mama Espoir atakavyoniangalia. Na, Mungu anisamehe, nilifikiria Jumamosi bila Mama Espoir.

"Ni mzima," nikasema.

Riziki aliniachia bega. Akaenda zake.

Basi la kuwapeleka wasafiri lilipita barabara yetu asubuhi. Mama alinipeleka kupunga mkono. Mama Espoir alikuwa amesimama nasi kando ya barabara, amevaa kitenge chake kizuri, akisema kwa nguvu kwamba Espoir akishafika, yeye na Espoir watawafuata, dosye nyingine itatoka. Riziki alikuwa kwenye dirisha la tatu. Hakupunga. Basi lilipopita Mama Espoir alilikimbilia kidogo, hatua kumi labda, kisha akasimama na kurudi, akauliza kama nyumbani kuna viazi.

Dosye nyingine haikutoka. Espoir hakuja. Miaka miwili baadaye mama alihamishiwa Kibondo, na siku tunapakia mizigo Mama Espoir alikuja kumchukua samaki wake. Samaki alikuwa ameshakauka mpaka akawa mwepesi kama ganda. Alimfunga kwenye kanga akambeba mgongoni, kama anavyobebwa mtoto, na watu njiani walidhani ni mtoto.

Mama aliendelea kwenda kumsalimu kambini kila alipopata gari. Aliniita, nilikataa. Mara mtihani, mara naumwa tumbo, mara nimeshakuwa mkubwa nina kazi zangu. Mama akirudi anasema, "Amekuulizia. Amesema, mwambieni mama kidogo Espoir bado mzima." Mimi natoka nje. Mpaka mama mwenyewe anafariki hakujua kwa nini nilikuwa mtoto asiye na shukrani kwa mwanamke aliyemlisha. Hicho nacho nakibeba.

Masika iliyopita Mama Espoir alifariki, kambini, kwa kifua. Moshi ulikuwa umemwingia. Nilisikia kwa watu, sikwenda kuzika. Nilikaa ndani siku nzima, binti yangu akidhani naumwa.

Na wiki iliyofuata simu ikaita, namba ndefu ya nje. Sauti ya mwanamke mzima, Kiswahili chake kimechakaa kwa kukosa watu wa kuongea nao. Nilimjua kabla hajataja jina. Riziki alikuwa amepata namba yangu kwa mtu wa kituo cha afya. Tulipeana pole. Alinieleza habari za huko, kazi, watoto wawili, theluji. Alisema alimtumia mama yake simu, picha, kila kitu, na kila walipoongea mama alimuuliza kwanza kama amesikia lolote kuhusu Espoir.

"Dada, nataka nikuulize kitu," alisema. "Wewe ulikuwepo Jumamosi zote. Mama alikuwa anasema nini juu yangu? Maana mimi nimejiuliza tangu ile basi. Mbona mimi sikumtosha? Nilikuwa hai, nilikuwa pale mbele yake. Mbona alichagua yule ambaye hayuko?"

Nilikuwa nimesimama uani. Nilikaa chini. Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa mfululizo, rede, mvua, funza, kapu la mama, pezi nililokata, tuta la viazi, na siku aliyonishika bega nikamdanganya. Sikusema nilikuwa mtoto. Nilimwambia, "Alikuwa ameoza, Riziki. Alikuwa ameoza kabla mama yako hajafika. Mimi ndiye niliyembadilisha."

Nilisubiri matusi. Niliyataka. Kwa mbali, nyuma yake, nilisikia mtoto akiuliza jambo kwa lugha ya huko.

"Alisema akimukuta ameoza anaenda na mimi," Riziki alisema taratibu.

"Alisema hivyo."

"Kwa hiyo mama alikuwa anakuja."



"Alikuwa anakuja na mimi," alisema tena, na sasa sauti haikuwa ya mwanamke mwenye watoto wawili, ilikuwa ya yule mtoto wa dirisha la tatu. "Kumbe mama alikuwa anakuja."

Alilia, nami nikamsikiliza, kwa sababu hilo ndilo pekee nililoweza kumfanyia. Kisha akakata simu. Hajapiga tena, na mimi sina ujasiri wa kumpigia.